Mkia Uliokuwa Ukinenepa

Mwaka ule nilibadilisha muundo wa ndege yangu mara nne, na mara ya nne niliurudisha ulivyokuwa mara ya kwanza. Hata leo nikikumbuka, nauma meno.

Nasema ndege yangu ingawa wakati huo haikuwa imeinuka hata kimo cha kigoda. Ilikaa uani kwetu Kikula, chini ya mabati niliyoyainua juu ya nguzo za miti, pua ikitazama jiko la mke wangu na mkia ukikaribia ukuta wa choo. Ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, kwa mtindo wa ndege za zamani, na kati ya bawa la juu na la chini kulikuwa na nyaya za kuyashikilia. Mke wangu alizianikia nguo. Nilimkataza mpaka nikachoka.

"Leo iko inaruka?" aliniuliza kila nilipolalamika.

"Hapana."

"Basi acha manguo ikauke, papa."

Mimi ni fundi wa pampu. Tangu ujana wangu nimetengeneza vitu vilivyofungwa sakafuni kwa bolti, kwanza katika kiwanda kimoja hapa Likasi, kisha, kilipopunguza watu, katika mgodi wa upande wa Kambove ambako naenda kila siku ya kazi hadi sasa. Nilitaka kutengeneza kitu kimoja tu kinachoacha sakafu. Sikutaka kusafiri nacho wala kupigwa picha. Nilitaka magurudumu yaache ardhi mara moja, mimi mwenyewe nikiwa ndani. Lakini magoti yangu yalikuwa yameanza kugombana na ngazi, na katika ndege ile huingii kwa mlango, unakanyaga bawa la chini, unainua mguu na kuvuka ukingo. Nilijua miaka yangu ya kuvuka ukingo ule ni michache, kwa hiyo kila mwezi uliopotea uliniuma kweli.

Michoro niliipata kwenye mtandao, kwa Kifaransa, nikaichapisha mjini karatasi moja moja na kuigandisha kwenye ubao. Ilitaka fremu ya mabomba membamba ya chuma, mabawa ya mbao na kitambaa, na injini ndogo ambayo ukiizunguka Likasi nzima kuitafuta utarudi na viatu vilivyokwisha tu. Mimi nilikuwa na injini ya kombi kuukuu. Ilikuwa nzima, nilikuwa nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu, ila ilikuwa nzito kuliko ile ya michoro. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Ndege ni suala la mizani kabla ya kuwa suala la nguvu. Ulaze ufagio juu ya kidole kimoja na utauelewa ugonjwa wote. Pua ikizidi uzito, ndege inakuwa nzito kuinuka, inakukera, lakini inakuacha hai. Mkia ukizidi uzito, inainuka upesi, pua inaendelea kupanda, wewe unasukuma usukani na hausikii, kisha inaanguka. Nilikuwa nimesoma hayo mara nyingi kiasi kwamba niliyaota.

Kwa kuwa injini yangu ingeelemea pua, nilipiga hesabu wiki tatu na kupata dawa: kulisogeza bawa la juu mbele sentimita nane, ili lile linalobeba liukaribie uzito. Hilo lilikuwa badiliko la kwanza. Hesabu ilisema kwamba baada ya hapo, ndege ikiwa imelazwa sawa, mkia uelemee mizani kwa kilo tisa.

Aliyechomelea vyuma hakuwa mimi. Alikuwa mwenzangu wa kiwanda cha zamani, mdogo wangu kwa miaka sita, aliyeniita yaya, yaani kaka mkubwa, tangu siku ya kwanza tulipogawana benchi. Alikuwa mlokole wa kuimba. Alichomelea huku akiimba ndani ya kinyago chake, na wimbo ukikatika ulijua kuna kazi ngumu. Kwa mkono wake bomba jembamba, ambalo mtu mwingine angelitoboa, lilishikana bila kovu. Umeme mtaani kwetu siku zile ulikuja asubuhi na kuondoka mchana, na asubuhi mimi niko kwenye gari la Kambove. Kwa hiyo alifanya kazi uani kwangu nikiwa sipo. Niliporudi jioni nilikuta viungo vimeshapoa, vimesuguliwa, vinang'aa. Nilimsifu kwa kila mtu.

Jumamosi moja, mkia ukiwa bado nusu, alishika bomba la nyuma kabisa kati ya vidole viwili.

"Yaya, huku nyuma fer, hii chuma, iko mwembamba sana. Iko sawa muguu ya kuku."

"Njo vile plan inasema. Usibadirishe kintu."

"Huyu muntu wa plan, alishaka kufanya kazi mu usine, mu kiwanda sawa yetu?"

"Hapana. Yeye alifanyaka kazi ya ndege."

"Bon," alisema, akashusha kinyago.

Ningeisikiliza ile "bon", hiyo "haya" yake, vizuri, ningeokoa mwaka mzima.

Ili uielewe lazima nikueleze juu ya msumari. Katika karakana ya kiwanda chetu, karibu na mlango ambapo kila mtu alipita akienda kula, palikuwa na msumari mkubwa. Kipande ulichotengeneza kikivunjika kazini, kilirudishwa na kutundikwa pale, na jina lako likaandikwa juu yake kwa chokaa. Kilikaa hapo mpaka kipande chako kipya kimalize majira yote ya mvua bila kuvunjika. Hakuna aliyekutukana, na hakukuwa na haja. Mimi nilitundikiwa mhimili wa pampu, na kwa miezi ile nilikula peke yangu nyuma ya stoo. Basi sote tulijifunza somo lilelile. Michoro ikisema milimita nne, unaweka sita. Ikisema bamba moja, unaweka mawili. Bomba likionekana dhaifu, kabla ya kulifunga unaingiza kipande cha nondo ndani yake, unachomelea, unasugua, na hakuna anayejua isipokuwa wewe na usingizi wako. Hatukuona ni udanganyifu. Tuliona ndiyo kazi yenyewe.

Mwenzangu wa kuchomelea alitundikiwa kidato cha ngazi. Lakini kidato hicho kilipokatika kulikuwa na mtu juu yake, na mtu huyo hadi leo anatembea na mkongojo. Tunakutana naye sokoni. Anatusalimu vizuri, na hilo ndilo baya zaidi.

Nilipomaliza badiliko la kwanza nikahitaji mizani. Mizani kubwa mjini kwetu ni za wanunuzi wa mawe ya shaba, wale wanaokaa kando ya barabara ya Kambove wakingoja wachimbaji na mifuko yao. Na kila mtu Likasi, hata mtoto wa shule, anajua kwamba mizani ya mnunuzi inakula. Ukiambiwa imesoma hamsini, kichwani unasikia hamsini na tano. Hatufikirii, tunaongeza tu. Nikaazima ya mnunuzi mmoja mnene, mpole, aliyeniletea mwenyewe kwa mkokoteni kwa sababu alitaka kuiona ndege.

Mkia ulisoma kumi na tano. Nikaongeza changu, nikapata kumi na sita na nusu. Mimi nilikuwa nangoja tisa!

Nilirudia hesabu. Nilirudia tena. Nilimwambia mke wangu aondoe shuka zake kwenye nyaya, akaziondoa kwa hasira, mkia ukabaki vilevile. Mwishowe nikasema hesabu yangu ilikuwa ya mtu mjinga, kwamba injini haikuelemea pua hata kidogo, na kwamba bawa lirudi mahali pake pa zamani. Hilo likawa badiliko la pili. Nguzo ndogo nane zinazobeba bawa la juu zilikatwa na kuchomelewa upya, na kwa kuwa fundi alikuwapo, nikamwambia amalizie na gurudumu la nyuma. Alifanya kazi siku nne, kila asubuhi, akiimba.

Nikapima. Kumi na nane, kabla sijaongeza changu.

Sasa niambie, kitu kisichoongezewa chochote kinaongezeka uzito namna gani? Niliwaza rangi. Niliwaza unyevu wa mvua ndani ya mbao. Kuku walikuwa na tabia ya kutagia ndani ya mkia, nikaingiza mkono hadi begani nikatoa mayai manne na kinyesi cha kutosha, nikapima tena. Kumi na nane. Mke wangu aliyapika mayai yale na bukari, ugali wetu, akaniambia nile, angalau ndege imezaa kitu.

Badiliko la tatu lilikuwa la mtu aliyechoka. Niliamua kuisukuma injini mbele sentimita kumi, pua irefuke na kuuvuta mkia. Ilimaanisha mabano mapya ya injini, bamba jipya, waya wa mafuta mrefu zaidi, kila kitu kipya. Niliichora pua upya hadi penseli zikaisha. Nilikosa misa Jumapili mbili mfululizo, jambo ambalo mama yangu angelilia. Fundi alichomelea mabano, na kwa kuwa nilimwona ametulia, nikamwomba akaze na bawaba za usukani wa nyuma.

Ilipopimwa, mkia ulisoma ishirini. Nilikaa chini juu ya kisiki cha mti uani kwangu nikacheka, kicheko kibaya, mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia.

Kitu pekee nilichobaki nacho cha kulaumu kilikuwa mizani. Nikaipakia kwenye mkokoteni nikaisukuma mwenyewe hadi kwa yule mnunuzi, jua likiwa kichwani, na nilipofika sikusalimu.

"Hii kintu yako inakula batu," nilimwambia, "na sasa iko inakula mpaka kichwa yangu."

Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini polepole.

"Vieux, mzee, minye mizani yangu haiibake."

"Bote banasemaka vile."

"Basi lete kintu yenye unayua kilo yake."

Jirani yake aliuza saruji. Tulichukua mfuko uliofungwa, tukauweka. Hamsini. Tukaleta mwingine. Hamsini. Tuliweka miwili pamoja, mia moja, mshale ukasimama palepale pasipo aibu. Nilimtazama, naye alinitazama, na usoni mwake niliona mtu aliyengoja miaka mingi mtu mmoja tu aje kumpima. Mizani yake ilikuwa ya haki siku zote, na mji mzima ulikuwa ukimwongezea. Nilimwomba radhi. Akanipa chai, na mizani akaniachia niendelee nayo.

Nilirudi nyumbani nikijua jambo moja la kutisha: uzito ule ulikuwapo. Ulikuwa ndani ya ndege yangu, mahali fulani nyuma ya kiti, na ulikuwa unaongezeka.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilichukua spana namba kumi na saba nikaanza kugonga mabomba toka puani. Fundi wa pampu husikia kwa chuma kabla ya kuona kwa macho. Bomba tupu hulia, lina sauti ndefu nyembamba. Mabomba ya mbele yalilia. Ya chini ya kiti yalilia. Nilipopita kiti, la kwanza halikulia. Lilijibu kwa sauti fupi ya kitu kilichoshiba. La pili pia. Niligonga hadi gurudumu la nyuma, kiungo kwa kiungo, na kati ya mabomba yote ya mkia ni matatu tu yaliyolia. Nikalikata moja kwa msumeno. Ndani yake, limechomelewa kwa usafi usioaminika, palikaa pande la nondo la urefu wa kiganja.

Mchomeleaji wangu alikuja baada ya saa moja, na mkate wa chai chini ya kwapa, akiimba. Aliliona bomba lililokatwa, wimbo ukakatika.

"Nani alitia hivi bintu mu ma tube?"

"Minye, yaya."

"Juu ya nini?"

"Juu ya weye."

"Bingeniua! Unasikia? Kila mara minabadirisha plan, weye unaongeza! Mukia ingekuwa muzito, ningeanguka, ningekufa!"

"Fer haiuake muntu," alisema taratibu, kama anayesoma aya. "Kenye kinavunjikaka njo kinauaka."

Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na ufagio hatua mbili kutoka mkononi mwangu. Lakini mwaka mzima ulikuwa umenipanda kichwani, hesabu zote, mabawa yaliyokwenda mbele na kurudi, Jumapili zangu, na badala ya ufagio nilichukua neno. Nilimwambia autundike mkia ule kwenye msumari, karibu na kidato chake cha ngazi.

Aliweka mkate juu ya bawa la chini, akachukua kinyago chake, akaondoka. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema tu, "Papa," na akarudi ndani, na siku mbili hakunisemesha.

Miezi miwili hakuja. Niliukata mkia wote peke yangu kwa msumeno wa mkono, nikazitoa nondo moja moja, nikazirundika kwenye beseni. Nilijaribu kuchomelea mabomba mapya mwenyewe. Nilitoboa la kwanza, la pili likapinda, la tatu niliweza kulitumia kumwagilia bustani. Nikamwita fundi mwingine, kijana hodari wa mageti, mtu wa maneno mazuri. Alilishika bomba la nyuma kati ya vidole viwili.

"Papa, hii iko mwembamba. Nitakutiliamo ka fer ndani, hata hautaona."

Nilimlipia usafiri wake nikamrudisha. Mji wote ulikuwa umepita mbele ya msumari ule, hata waliozaliwa baada yake.

Kisha, kwa kuwa nilikuwa na mizani ya haki na muda wa kutosha, nilianza kupima na vipande vilivyotoka mikononi mwangu. Michoro ilitaka bolti namba sita kwenye mabawa, mimi nilikuwa nimeweka namba nane, kila mahali, kwa sababu zilikuwapo na kwa sababu zilionekana za kiume. Mbao za mabawa zilikuwa nene kuliko zilivyochorwa. Sikumbuki kuamua jambo hilo. Mikono iliamua yenyewe. Nilipojumlisha, uzito wangu wa siri ulikuwa karibu kilo nne. Mimi hakuna aliyenipigia kelele, kwa sababu mwenye spana ya kugongea nilikuwa mimi.

Jumapili iliyofuata nilimngojea mwenzangu nje ya kanisa lake, upande wa Panda, nikiwa na mfuko wa bolti namba nane. Walitoka wakiwa wamelowa jasho la sifa, naye aliponiona alitaka kupita upande wa pili. Nilimfuata. Nikamtia mfuko mkononi.

"Hii ni ya nini?"

"Ni byangu. Mu mabawa. Minye pia niliongeza."

Alizihesabu kwa vidole bila kutazama. Nilimwambia kwamba neno lile la ngazi lilikuwa neno la mtu mbaya, na kwamba nimelibeba miezi miwili na halipungui. Hakusema amenisamehe. Alisema mke wake amepika, twende tule.

Baada ya kula nikaomba ufagio. Pale uani kwake niliulaza juu ya kidole changu, ukatulia. Nikamwambia afunge kijiwe kwenye ncha ya nyuma. Ufagio ulianguka. Nikamwambia apunguze kijiwe, ukaanguka tena, polepole zaidi. Akaniomba ufagio, akaushika yeye. Alikuwa mtu wa kujifunza kwa mikono. Alikisogeza kijiwe kutoka nyuma, kidogo kidogo, kikipanda kuelekea kidoleni, na kila hatua ufagio ulianguka kwa uvivu zaidi. Mwishowe kijiwe kikakaa juu kabisa ya kidole, na ufagio ukalala sawa bila kutikisika.

"Apa haina maneno, haina matata?"

"Apa haina maneno."

Aliuegemeza ufagio ukutani. Kisha akaniuliza kesho umeme unakuja saa ngapi kwetu.

Alichomelea mkia mpya wakati wa kiangazi, ambacho kwetu ndicho msimu wa baridi. Safari hii niliomba likizo nikakaa naye, si kwa kumlinda, au niseme ukweli, kwa kumlinda kidogo. Hakuimba hata siku moja. Kila bomba alilipuliza kunionyesha kwamba ni tupu, kisha akalifunga. Mimi, saa nyingine nikiwa nimempa mgongo, nilibadilisha bolti zangu zote na kupunguza mbao kwa randa. Halafu nikafanya badiliko la nne: pua irudi nyuma sentimita kumi, bawa la juu liende mbele sentimita nane. Yaani hesabu yangu ya kwanza kabisa, ile niliyoiita ya mtu mjinga. Ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Nilitaka kufurahi nikashindwa, nilikuwa na hasira na kila siku iliyopita katikati.

Mnunuzi alileta mizani nyingine mbili, zikawa tatu. Mkia ulisoma tisa. Si tisa na nusu, tisa. Mnunuzi alishangilia kuliko sote. Lakini nilipojumlisha mkia na magurudumu mawili ya mbele, ndege nzima ilikuwa imezidi kwa karibu kilo moja kuliko jumla ya vipande vyake.

Nilingoja hadi waondoke. Nikachukua spana namba kumi na saba. Mkia wote ulilia, bomba kwa bomba, sauti nzuri ndefu. Nikaja mbele. Chini ya kiti changu kuna bomba moja la kukingama linalobeba mwili wote wa rubani. Niliigonga fremu kushoto, ikalia. Kulia, ikalia. Niligonga katikati, na bomba lile, ambalo zamani lililia, likanijibu kwa sauti fupi ya kitu kilichoshiba.

Hasira ilipanda, sitasema uongo. Nilishika msumeno. Nilikuwa nimeshaulaza juu ya chuma nilipotazama michoro ukutani na kuona kitovu cha uzito nilikichora wapi kwa penseli nyekundu. Bomba lile lilikuwa juu ya kidole kabisa. Katika ndege nzima, kutoka pua hadi gurudumu la nyuma, hapakuwa na mahali pengine ambapo nondo ingeweza kukaa bila kudhuru chochote. Alikuwa amenielewa kuliko nilivyodhani, na alikuwa ameshindwa kuacha. Niliurudisha msumeno mahali pake. Nikaiandika nondo ile kwenye mchoro, kwa namba ndogo, nikaiongeza kwenye hesabu. Sikumwambia neno.

Tuliipeleka ndege kwa lori hadi shamba moja kupita Buluo, ambako mwenye shamba alituruhusu njia yake ya udongo iliyonyooka. Nilivuka ukingo kwa kusaidiwa, goti la kulia likilalamika. Nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba nitaikimbiza chini tu. Niliikimbiza mara mbili, na mara zote mkia uliinuka pale ulipotakiwa kuinuka, mwepesi, mtiifu. Mara ya tatu mtikisiko wa magurudumu ulikoma. Sikuvuta chochote. Ulikoma tu, na kwa muda wa pumzi tatu hivi hapakuwa na sakafu chini yangu. Kisha udongo ukarudi ukanipiga mgongoni, na nikajisikia nikilia kwa sauti ndani ya kelele za injini ya kombi.

Mke wangu alinipiga begani kwa ngumi, kisha akanishika. Fundi hakuwa ametazama. Alikuwa amesimama ametupa mgongo, uso kwenye vichaka, midomo ikienda. Injini iliponyamaza akageuka.

"Haikuvunjika?"

"Haikuvunjika."

Hakuniamini. Alichukua spana kutoka mfukoni mwangu akaanza mwenyewe kwenye gurudumu la nyuma, akigonga na kutega sikio, bomba moja, la pili, la tatu, na yote yakalia. Alikuja mbele hivyo, kiungo kwa kiungo, hakuruka hata kimoja, hadi akafika chini ya kiti changu. Pale alisimama, akainua macho akanitazama, nami nikamtazama. Alilipita bomba lile bila kuligonga, akaendelea na la mbele yake.